Usingizi, Ndoto na Jinamizi: Yaliyotupata Bwenini

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyaacha: Mugonile!

Mmeitikia vizuri. Sasa ni saa nane za mchana, nasi tumesalimiana kwa neno la kulala. Maana salamu hii ya Kinyakyusa, ugonile kwa mmoja na mugonile kwa wengi, imetoka katika kitendo cha kulala. Mgeni akiteremka basi Tukuyu saa kumi za jioni husalimiwa hivyo hivyo, akashangaa anaulizwa habari za usiku wakati jua linakwenda kuzama. Mimi naona wazee waliotuachia salamu hii walijua jambo moja kubwa: ukitaka kujua hali ya mtu, anza kuuliza usiku wake ulikuwaje.

Kamati iliponiandikia, ilinitaka nizungumze juu ya kazi yangu ya uafisa tabibu. Nimeomba ruhusa niseme juu ya kitu kimoja tu katika kazi hiyo, nacho ni usingizi, na hasa lile jambo ambalo kwa Kiswahili tunaliita jinamizi. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wa bweni hupatwa nalo kuliko watu wengine, na nitawaonyesheni kwa nini. Ya pili, nina deni katika shule hii, na deni hilo lilianzia kitandani.

Nianze na deni.

Mwaka 1976 nilikuwa kidato cha nne. Wenzangu wa wakati ule mnakumbuka Oktoba ilivyokuwa: mvua inapiga mabati, ukungu umeshuka kutoka mlima Rungwe hadi mlangoni pa bweni, na mtihani wa taifa uko mbele yetu. Taa zilizimwa saa nne za usiku. Lakini baadhi yetu tulikuwa na koroboi tulizozificha chini ya vitanda, tukasoma kwa kujifunika blanketi mpaka saa nane. Saa kumi na moja kengele ililia, tukatoka mbio kwenda mchakamchaka. Piga hesabu mwenyewe: tulikuwa tunalala saa tatu.

Usiku mmoja nilizinduka. Nasema nilizinduka kwa sababu niliona bweni lote, safu za vitanda, mashati yaliyotundikwa, na mwanga mdogo wa dirishani. Lakini sikuweza kuinua hata kidole. Kifua kilikuwa kizito kana kwamba mtu amenikalia. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikasikia hatua za miguu zikinijia, nikahisi pasipo shaka kwamba kuna mtu mbaya karibu yangu. Mara nikaguswa begani. Mzigo ukatoka kifuani, nikapiga ukelele. Na mtu niliyemwona ameinama juu yangu alikuwa mwenzangu wa kitanda cha pili.

Jambo hilo lilinirudia baada ya siku mbili, na tena wiki iliyofuata. Kila mara uso wa kwanza niliouona ulikuwa ule ule.

Sikumwuliza kitu. Asubuhi ya mara ya tatu niliwanong'oneza rafiki zangu wawili kwamba fulani hunijia usiku na kunikaba. Kufika chakula cha mchana bweni zima lilikuwa linajua. Hakuna aliyempiga, wala hakuna aliyemtukana. Ila hakuna aliyekaa naye meza moja, na kiranja akamwambia ahamishe kitanda chake akiweke mwisho kabisa karibu na mlango, pale mvua ilipokuwa ikiingia. Alifanya mtihani wake akiwa katika hali hiyo. Baada ya mtihani kila mtu alikwenda kwao, nami sikumwona tena kwa miaka mingi.

Ndugu Mwenyekiti, sikumsingizia kwa makusudi. Niliamini nilichosema. Nilikuwa na ushahidi wa macho yangu. Ndiyo maana nataka tuuchunguze ushahidi huo.

Kwanza tutazame wazee wetu walisemaje. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliishi katika nchi hii ya Rungwe wakijifunza mila za Wanyakyusa. Mume alifariki mwaka 1944, mke akaendelea kuandika vitabu juu yetu, kikiwamo kile cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika. Katika makala moja ya mwaka huo huo alieleza mambo ambayo Wanyakyusa waliyahesabu kuwa dalili ya kushambuliwa na wachawi: kuota unakabwa koo, kuota unafukuzwa, kuota unapigana, kuota unaruka hewani, na kuzinduka ghafla usiku umejaa hofu na jasho.

Niliposoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu ni orodha kamili ya daktari. Mtu akija leo katika kliniki ya usingizi kokote duniani ataulizwa mambo yale yale. Basi tusiwacheke wazee. Walitazama vizuri na kukumbuka vizuri. Jambo waliloliona lipo.

Na kuna jambo la pili alilolieleza mama huyo. Wazee walisema kwamba katika kila kijiji wako watu waitwao abamanga, yaani walinzi. Hao huwaona wachawi katika ndoto, hupigana nao usiku, na kuwafukuza. Sasa sikilizeni vizuri: uwezo wa mlinzi wa kuona usiku na uwezo wa mchawi ulidhaniwa kutoka chanzo kimoja. Kwa hiyo mtu aliyejulikana kuwa macho wakati wenzake wamelala aliweza kuwa mmoja kati ya wawili. Aliweza kuwa anayekudhuru, au aliweza kuwa anayekulinda. Mimi mwaka 1976 nilipewa nafasi ya kuchagua, nikachagua la kwanza bila hata kuuliza.

Sasa twende kwenye elimu ya usingizi.

Zamani watu walifikiri kwamba usingizi ni kama kuzima taa: fahamu imeondoka, mwili umetulia, basi. Hata wataalamu walidhani hivyo. Mnamo mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alifaulu kupima umeme mdogo wa ubongo wa binadamu kwa kuweka vipande vya chuma kichwani, na mwaka 1929 akatangaza matokeo. Tangu hapo iliwezekana kumtazama mtu aliyelala bila kumwamsha. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi mmoja aitwaye Eugene Aserinsky alimfunga mwanawe wa miaka minane nyaya hizo usiku. Akaona kwamba kuna nyakati macho ya mtoto yanakwenda mbio huku na huku chini ya kope, na ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Mwaka 1953 yeye na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, waliandika juu ya jambo hilo. Walipowaamsha watu katika wakati huo, mara nyingi waliwakuta katikati ya ndoto.

Kwa hiyo usiku una mpango wake. Mtu mzima mwenye afya huanza kwa usingizi mwepesi, akashuka katika usingizi mzito, kisha akapanda tena na kuingia katika usingizi huu wa ndoto. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90, halafu unaanza upya. Usingizi wa ndoto huchukua kiasi cha robo ya usiku wote, na sehemu yake kubwa iko karibu na alfajiri. Ndiyo maana ndoto tunayoikumbuka mara nyingi ni ile ya mapambazuko.

Sasa fikirini hatari iliyopo hapa. Ubongo unaota unakimbia, unapigana, unaogelea ziwa Masoko. Kama miguu na mikono ingetii amri hizo, kila usiku tungeanguka vitandani na kuwapiga wenzetu ngumi. Mwaka 1959 mtaalamu wa Lyon, Ufaransa, Michel Jouvet, alionyesha kwa kutumia paka kwamba wakati wa usingizi wa namna hii misuli ya mwili hulegezwa kabisa. Kuna sehemu chini ya ubongo inayokata amri zisifike kwenye viungo. Dereva wa lori atanielewa: injini inanguruma kwa nguvu, lakini gia imetolewa, kwa hiyo gari haliendi. Misuli ya macho haihusiki, wala ule msuli mkubwa ulio chini ya mapafu, ndiyo maana tunaendelea kuvuta pumzi.

Kwa kawaida fahamu inaporudi, gia nayo inaingia wakati ule ule, nasi tunaamka bila kujua kwamba tulikuwa tumelegezwa. Lakini mara nyingine viwili hivi hupishana. Fahamu inatangulia, mwili unachelewa. Hapo mtu anaamka ndani ya mwili ambao bado uko katika usingizi wa ndoto. Hilo ndilo jinamizi.

Sasa chukueni ule ushahidi wangu wa 1976 mkaupime kipande kwa kipande. Niliona bweni, kwa sababu macho yangu yalikuwa wazi na yanaweza kucheza. Sikuweza kuinua kidole, kwa sababu misuli ilikuwa bado imelegezwa. Nilihisi mzigo kifuani, kwa sababu katika hofu nilitaka kuvuta pumzi kubwa na misuli ya mbavu haikunisaidia. Ilibaki ile pumzi ndogo ya usingizi, nami nikaona nimekabwa. Nilisikia hatua na kuhisi mtu mbaya, kwa sababu ndoto haijaisha. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu ilikuwa imewaka, nayo ikachanganya mambo ya ndoto na bweni la kweli. Na kuguswa begani? Hilo lilikuwa la kweli. Kumgusa mtu aliyepatwa na jinamizi au kumwita kwa jina lake mara nyingi humtoa humo mara moja.

Jambo hili hudumu sekunde chache, pengine dakika chache. Halimwui mtu mwenye afya. Wala halikuumbwa Rungwe. Wajapani wana neno lao, kanashibari, maana yake kufungwa kana kwamba kwa chuma. Wavuvi wa Newfoundland, huko Kanada, husema bibi kizee huja kuwakalia kifuani. Mchoraji Henry Fuseli, aliyeishi London, mwaka 1781 alichora picha ya mwanamke amelala chali, na kijitu kibaya kimechuchumaa juu ya kifua chake. Mwili wa binadamu ni mmoja kila mahali, kwa hiyo mkabo ni ule ule. Kila nchi inaupa uso wa mtu ambaye nchi hiyo imekwisha kumwogopa.

Na hapo ndipo penye hatari, Ndugu Mwenyekiti. Mkabo wenyewe huisha kabla hujahesabu mpaka mia mbili. Uso tunaoupa ndio unaobaki.

Nitatoa mfano ambao wengi wenu mnaukumbuka. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikaenea hadi Unguja. Watu walisema kuna kitu huingia majumbani usiku na kuwakaba waliolala, na kuwatendea mabaya. Wataalamu kadhaa waliochunguza habari zile wamesema kwamba jinamizi limo ndani yake: mzigo kifuani, kushindwa kusogea, kushindwa kupiga kelele. Familia nyingi zilitoka ndani zikalala nje pamoja, zikakesha kuzunguka moto. Fikirini sasa mtu asiyelala vizuri kwa wiki kadhaa, na kila jioni anasimuliwa habari za kutisha: je, jinamizi litapungua au litazidi? Katika hofu ile, mtu mmoja aliyekuwa amekuja mjini Zanzibar kutafuta matibabu ya akili alishikwa na umati, akaambiwa yeye ndiye Popobawa, akauawa. Hakuwa amemkaba mtu yeyote.

Mimi bweni langu halikuua mtu. Lakini njia tuliyoishika ilikuwa ile ile, tofauti ni urefu wake tu.

Nawageukia sasa ninyi vijana, maana nilisema jambo hili linawahusu ninyi kuliko watu wengine. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Brian Sharpless na Jacques Barber, walikusanya uchunguzi 35 uliofanywa katika nchi mbalimbali, jumla ya watu zaidi ya 36,000. Walikuta kwamba katika watu wa kawaida, kama 8 kwa kila 100 wamewahi kupatwa na jinamizi la namna hii angalau mara moja. Katika wanafunzi walikuta 28 kwa kila 100. Hesabuni vitanda vya bweni lenu mpate jibu.

Kwa nini wanafunzi? Kwa sababu vitu vinavyoliita jinamizi ndivyo vitu tunavyovifanya shuleni: kukosa usingizi, kulala na kuamka kwa saa zisizo na mpango, wasiwasi wa mtihani. Na kulala chali huongeza. Mtu aliyenyimwa usingizi wa ndoto kwa siku nyingi, ubongo wake huudai. Akilala, usingizi huo huja mapema na kwa nguvu kuliko kawaida yake, na mipaka kati ya ndoto na kuamka hulegea.

Najua mtanijibu kwamba tunakesha ili tufaulu. Sisi tulisema hivyo hivyo. Basi sikilizeni jaribio moja dogo, la zamani, lililofanywa mwaka 1924 katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mwalimu Dallenbach na mwenzake Jenkins waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Mara nyingine walikariri kisha wakalala, mara nyingine walikariri kisha wakaendelea na shughuli za mchana. Baada ya saa kadhaa waliulizwa wanakumbuka nini. Kila mara waliolala walikumbuka zaidi. Tangu wakati huo majaribio mengi makubwa yamefanywa, nayo yamethibitisha kwamba ubongo uliolala huendelea kulipanga somo la mchana na kuliweka mahali pake. Mwanafunzi anayesoma mpaka saa nane na kuamka saa kumi na moja ni kama mkulima anayevuna mahindi akayaacha nje mvuani kwa sababu hana muda wa kuyaingiza ghalani.

Tena liko jambo ambalo walimu wangependa kulijua. Katika umri wenu, saa ya mwilini husogea mbele. Ile homoni ya usiku, melatonini, hutoka kwa kuchelewa kuliko kwa mtoto mdogo au kwa mtu mzima. Ndiyo maana kijana wa miaka 16 hana usingizi saa tatu usiku, na alfajiri haamshiki. Anapotukanwa kuwa mvivu, pengine anaonewa. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani mwaka 2016 kilishauri kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila siku. Ndugu Mkuu wa Shule, sikuja kubadili ratiba yako. Lakini nakuomba usiku mmoja uchukue karatasi, uandike saa taa zinapozimwa na saa kengele inapolia, utoe, uone kinachobaki.

Na ukipatwa na jinamizi, kijana wangu, fanya hivi. Usishindane nalo kwa mwili mzima, kwa sababu ukishindana hofu huzidi. Jiambie moyoni: hili ni jinamizi, litakwisha. Fuata pumzi ndogo iliyopo, usiidai kubwa. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu au cha mkono, au kucheza macho. Likiisha, keti kidogo kabla ya kulala tena, kisha lalia ubavu. Kesho yake lala mapema.

Lakini usidharau kila kitu kwa kusema ni jinamizi tu. Mtu akikakamaa na kutikisika usiku, akauma ulimi, akajikojolea, asikumbuke lolote asubuhi, hicho huenda ni kifafa, apelekwe hospitali. Mwenye homa kali anayeweweseka apimwe malaria. Na kijana anayelemewa na usingizi ghafla mchana darasani kila siku, hata akiwa amelala vya kutosha, naye amwone daktari. Hayo yote yana matibabu.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Kuna uchunguzi mmoja wa hapa hapa Tanzania ambao nimeupenda sana. Karibu na ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu wanaowinda na kukusanya asali na mizizi. Watafiti, akiwamo Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwafunga watu wazima 33 saa ndogo za mkononi zinazopima usingizi, kwa siku 20. Habari zake zilitolewa mwaka 2017. Katika saa zaidi ya 220 zilizopimwa, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala fofofo kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wakati wowote wa usiku alikuwako mtu aliye macho au aliye karibu kuamka. Hakuna aliyepangiwa zamu. Tofauti za watu zenyewe zilileta zamu: mzee huamka mapema, kijana huchelewa kulala, mwingine usingizi wake ni mwepesi. Watafiti wanasema pengine hivyo ndivyo binadamu walivyolindana usiku tangu zamani sana.

Nilipousoma uchunguzi huo niliwakumbuka wazee wetu. Monica Wilson alieleza kwamba mtoto wa kiume wa Kinyakyusa, akifika miaka kama kumi au kumi na mmoja, aliondoka kulala kwa baba yake. Alikwenda kulala na wenzake wa rika katika kijiji chao wenyewe, akirudi kwa mama kula. Walikua pamoja hivyo. Walikuwa na neno la thamani kubwa, ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha na urafiki. Kijana alifundishwa adabu na rika lake, na alilala katikati ya rika lake. Bweni letu, ukilitazama vizuri, ni kijiji cha rika kilichoezekwa mabati.

Sasa nimalize deni. Mwaka 1994, nikiwa zamu ya usiku kazini, nilisoma kitabu cha tiba cha mwenzangu na kukuta mle ndani usiku wangu wa mwaka 1976, umeandikwa neno kwa neno. Nilikaa mpaka asubuhi. Ilinichukua muda kupata anwani, na muda zaidi kupata ujasiri. Nikamwandikia barua yule mwenzangu wa kitanda cha pili.

Alijibu ukurasa mmoja. Alisema tangu utotoni usingizi wake ni mwepesi. Usiku ule wa kwanza alinisikia nikigumia kama mtu anayezama majini. Akaamka, akaja kunitikisa bega. Mara ya pili akaja. Mara ya tatu akaja. Kisha akasikia ninayoyasema juu yake, akahamishwa kitanda. Akaandika kwamba kuna usiku wa nne ambao mimi siujui. Alikuwa kule mlangoni, akanisikia tena. Alisimama, akaogopa, akarudi kulala. Alinisikiliza mpaka nilipozinduka mwenyewe. Na katika barua ile yeye, niliyemtendea vile, aliniomba radhi kwa usiku huo mmoja ambao hakuja.

Ndugu zangu, mtu huyo yumo humu bwaloni leo. Ni mara yake ya kwanza kurudi shuleni tangu mwaka 1976. Ameniruhusu nisimulie haya, akanikataza kumtaja, nami namtii. Ila wale mliokuwa bweni letu mnamjua, na mimi nilimnena mbele yenu, kwa hiyo ilinipasa nimsafishe mbele yenu. Bweni lile lilikuwa na mlinzi. Mimi ndiye niliyemwita mchawi.

Vijana, ombi langu kwenu ni dogo. Mwenzenu akisema usiku amekabwa, msimcheke, maana amepatwa na jambo la kweli. Lakini akitaja jina la mtu, mzuieni hapo hapo. Mwambieni alale saa nane, kisha azungumze. Na ukisikia mwenzako anagumia gizani, amka, mguse bega, mwite kwa jina lake. Usiogope watakuonaje.

Kesho asubuhi, kabla hatujaondoka, tutasalimiana tena mugonile. Safari hii tungojee jibu.